GANZI YA MKONO SI BARIDI, WALA SI UVIVU



Katika daftari la Mfuko wetu wa Maafa, ukurasa wa msimu wa mwaka juzi, pana mstari ulioandikwa kwa hati yangu mwenyewe. Limeandikwa jina la mwanachama mmoja, mama wa makamo, mchambuaji hodari ambaye wengi wenu mwamjua, na mbele ya jina lake yafuata maneno haya: "Maradhi ya mikono. Hakuanguka. Hapewi." Nataka kusema leo juu ya mstari huo, maana naona nilikosea, na kamati nayo ilikosea pamoja nami, na kosa lenyewe bado laweza kutengenezwa kabla ya msimu ujao.

Mama yule alikuja ofisini asubuhi moja tulipokuwa tukipima magunia. Akatueleza kwamba mikono yake hufa ganzi usiku, huamka saa nane akaketi kitandani akiipunga kama mwenye kufukuza nzi, na mchana kikombe cha chai humponyoka bila ya yeye kujua. Akaomba nauli ya kwenda hospitali. Tulimsikiliza kwa adabu. Mmoja wetu akamwambia kuwa hiyo ni baridi, ajichue kwa mafuta ya karafuu. Alipokwisha kutoka, mwingine akasema mwenye kuchoka kuchambua hakosi udhuru. Tukacheka, nami nikacheka, kisha nikaandika. Kanuni yetu yasema Mfuko ni wa "walioanguka mikarafuuni", na katibu kazi yake ni kufuata kanuni.

Mwaka jana jambo lile lile likaingia nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi, ambaye amechambua karafuu tangu hajaolewa, alianza kulalamika vidole. Kwanza alisema ni kama sisimizi watambaao ndani ya ngozi. Halafu akawa halali. Tulifanya yote ambayo kila mmoja wenu angefanya: tulimchua kwa mafuta, akapigwa chuku, akanywa kombe. Kombe ni baraka wala sina la kusema juu yake, ila mshipa uliobanwa wataka kufunguliwa. Katika kituo kimoja cha tiba alipewa vidonge vya maumivu, akarudi akapewa tena, na mara ya tatu vile vile; hakuna aliyemshika mkono akautazama. Miezi minane ikapita hivyo. Siku moja nikamwona anashindwa kufunga kifungo cha kanzu ya mjukuu wake, ndipo nilipomchukua kwa daktari wa upasuaji.

Daktari yule hakukaa naye hata nusu saa. Alimwuliza, "Mama, ganzi huja wakati gani zaidi?"

"Usiku, baba."

"Na ikija wafanya nini?"

"Naupunga mkono mpaka uamke."

"Kidole cha mwisho nacho hufa ganzi?"

Mama akafikiri kidogo, akasema hapana, hicho ni kizima. Daktari akageuza kiganja chake kwenye mwanga, akanionyesha nyama iliyo chini ya kidole gumba. Palipokuwa pamejaa sasa pamebonyea. Akasema, "Mmechelewa kuja, lakini si bure."

Tangu siku ile nimeuliza na kusoma, nami nitawaeleza kwa kadiri nilivyofahamu.

Pale kifundoni mwa mkono, upande wa kiganja, pana njia nyembamba kama mfereji. Chini yake na kandoni ni mifupa midogo ya kifundo, ambayo jumla yake ni minane. Juu yake pamefunikwa na ukanda mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo hupita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo hupita mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio uletao hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, tena ndio unaoziamrisha nyama za chini ya kidole gumba. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine upitao njia nyingine, ndiyo maana daktari aliuliza khabari zake. Basi utando wa kano ukivimba, au maji yakizidi mwilini, njia ile haina pa kutanukia. Kano ni ngumu, zastahimili. Mshipa wa fahamu ni laini, nao ndio unaoumia. Usiku mtu hulala amekunja kifundo bila ya kujua, njia ikazidi kubana, na mkono ukamwamsha.

Mwaona kwamba hapa hapana baridi iliyoingia, wala damu iliyoganda, wala jicho la mtu.

Tena si ugonjwa mpya uliozuka pamoja na mambo ya siku hizi. Mwingereza James Paget aliandika mwaka 1854 juu ya watu walioumia kifundo na mshipa huu ukabanwa. Mwaka 1880 James Putnam, daktari wa mji wa Boston huko Marekani, alieleza khabari za wagonjwa 37 waliokuwa wakiamshwa na ganzi usiku, na wengi wao walikuwa wanawake. Mwaka 1913 Wafaransa wawili, Pierre Marie na Charles Foix, waliupasua mkono wa mzee aliyekwisha kufariki, ambaye nyama za chini ya kidole gumba chake zilikuwa zimekwisha, wakaukuta mshipa umevimba juu ya ule ukanda na umekonda chini yake. Wakasema lau ukanda ungekatwa mapema huenda mkono ungepona. Kisha katika miaka ya 1950 daktari George Phalen wa Cleveland, Marekani, akaandika na kufundisha mpaka madaktari kwa jumla wakaujua ugonjwa na tiba yake. Miaka zaidi ya mia imepita tangu Wafaransa wale waseme neno lao, na sisi kamatini tungali twasema ni baridi.

Sasa tutazame kazi yetu wenyewe. Kila mtu kisiwani ajua jinsi karafuu inavyochambuliwa, walakini sidhani kama wengi wetu tumepata kuitazama kwa jicho la daktari. Mchambuaji hulishika shazi kwa mkono mmoja, akaligandamiza juu ya kiganja cha mkono wa pili na kulizungusha kidogo, karafuu zikakatika, makonyo yakabaki mkononi. Hulitupa konyo, akachukua jingine. Hufanya hivyo toka magharibi mpaka usiku mkubwa, kwa sababu karafuu mbichi ikilala lundo hupata joto na kuharibika, na sote twajua bei ya karafuu iliyovunda. Asubuhi lazima iwe juani juu ya jamvi. Tena hulipwa kwa pishi, basi mwenye kupumzisha mkono ajipunguzia mwenyewe.

Madaktari wamekwisha kuona kwamba kazi za kushika kwa nguvu na kurudia mwendo mmoja huzidisha ugonjwa huu. Wameuona kwa wakata nyama na wafungaji wa vyakula viwandani, na kwa watumiao mashine za kutikisika. Mimi si daktari, bali mwendo wa mchambuaji naujua. Una nguvu, una kurudia, una kukunja kifundo, na juu ya hayo yote una kugandamiza pale pale penye ile njia. Lau mtu angekaa afikiri kazi ya kuubana mshipa huu, sijui kama angebuni iliyo bora zaidi.

Sisemi kwamba kila mwenye ganzi ameipata kwa karafuu. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Humpata mjamzito, hasa miezi ya mwisho, na mara nyingi ukamwacha baada ya kujifungua. Humpata mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, mwenye mwili mnene, mwenye kuvimba viungo, na aliyewahi kuvunjika kifundo. Kwa hiyo daktari mwema hupima sukari pia, na mara nyingine huyavumbua maradhi mawili kwa safari moja.

Wala si kila ganzi ni hii. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete yatoka mshipa mwingine, nao mara nyingi hubanwa kwenye kisigino cha mkono. Ganzi inayoanzia shingoni ikashuka begani ina asili nyingine. Ganzi ya miguu yote miwili yataka kupimwa sukari. Ganzi yenye baka katika ngozi, baka lisilohisi ukiligusa, yaweza kuwa ukoma, na ukoma siku hizi una dawa inayouponya kabisa, basi mtu asijifiche. Ama ganzi inayokuja ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda upande au maneno yakawa mazito, hiyo ni kiharusi; mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe asubuhi.

Jambo moja mwaweza kulijaribu nyumbani leo usiku. Iweke migongo ya mikono yako pamoja, vidole vitazame chini, visigino vya mikono vikae nje, vifundo vikunjike bila ya kulazimisha. Ngoja hivyo dakika moja. Ikija ganzi au kuchomachoma katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni dalili. Kipimo hiki ndicho alichokieneza Phalen niliyemtaja. Si hukumu ya mwisho, maana wako wenye ugonjwa wasioona kitu na wazima wanaoona, illa kikikutana na ganzi ya usiku usikae tena nyumbani.

Tiba ya kwanza ni nyepesi kiasi cha kumfanya mtu asiiamini. Ni banzi. Mtu hufungwa banzi kifundoni wakati wa kulala, ili kifundo kikae kimenyooka, kisikunjike mbele wala nyuma. Yako yanayouzwa yenye kitambaa na mikanda, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aweza kulitengeneza au kuonyesha namna. La mama yangu lilitengenezwa na seremala wa kijijini kwetu, ubao mwembamba uliofunikwa pamba na kitambaa, kwa kipimo alichokichora daktari. Lisikazwe, maana tunachotaka ni kuiondoa kabari, hatutaki kuongeza ya pili. Livaliwe kila usiku kwa wiki 6 hivi, hata kama usiku wa tano mtu ameona nafuu. Mke wa jirani yangu alipata ganzi akiwa na mimba ya miezi saba. Alivaa banzi, akalala, akajifungua salama, na leo amesahau kama aliwahi kuumwa. Huyo alikwenda mapema.

Tiba ya pili ni sindano. Daktari hudunga pale kifundoni dawa ya jamii ya steroidi, ipunguzayo uvimbe. Huko Uingereza walilinganisha sindano moja na banzi la usiku, wakatangaza mwaka 2018 kwamba baada ya wiki 6 waliodungwa walikuwa na nafuu zaidi, lakini baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti. Basi sindano ni njia ya kupata nafuu ya haraka, na wengi ganzi huwarudia. Mwenye sukari amwambie daktari kwanza, maana dawa hii huipandisha sukari kwa siku kadhaa. Na sindano hii ni ya aliyefundishwa. Asije mtu akadungwa dukani.

Tiba ya tatu ni kupasuliwa, na hapa ndipo watu wetu wanapokimbia. Nilikuwa nikingoja nje siku ya mama yangu, nikimwazia kama anayechinjwa. Alitoka kwa miguu yake kabla sijamaliza soda. Hakulazwa usingizi, alidungwa sindano ya ganzi mkononi, akazungumza na muuguzi muda wote. Daktari hufanya mkato mdogo chini ya kiganja, akaukata ule ukanda mgumu, njia ikafunguka, akashona. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Vidole huchezeshwa tangu siku ya kwanza, nyuzi hutolewa baada ya siku 10 mpaka 14, na kazi nzito hungojewa kiasi cha wiki 6 au zaidi. Kiganja huuma pale chini kwa miezi kadhaa ukikiegemea, na hayo mtu aambiwe mapema asije akadhani ameharibiwa. Khatari ziko, kama kidonda kuingia uchafu, au mara chache sana mshipa wenyewe kuguswa, lakini ni chache. Uholanzi waliwagawa wagonjwa 176, wengine wakapasuliwa na wengine wakavaa banzi, na khabari zao zikachapishwa mwaka 2002. Baada ya miezi 3, katika kila 100 waliopasuliwa walipona 80, na katika kila 100 waliopangiwa banzi walipona 54. Baada ya miezi 18 hesabu ilikuwa 90 kwa 75, na wakati huo karibu watu 41 katika kila 100 wa upande wa banzi walikuwa wamekwisha kupasuliwa nao.

Mimi nazisoma hesabu hizo namna mbili. Mwenye ganzi ya kuja na kuondoka ana haki ya kujaribu banzi kwanza, maana wengi humtosha. Ama ambaye ganzi imekaa mchana na usiku, au nyama ya kidole gumba imeanza kukonda, huyo asipotezewe muda kwa banzi wala sindano.

Mama yangu alilala usingizi kamili wiki ile ile aliyopasuliwa. Ganzi ya kidole cha shahada na cha kati iliondoka kidogo kidogo kwa muda wa miezi. Nyama ya kidole gumba haikurudi. Hawezi kuchambua, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Sasa kazi yake ni kusimamia jamvi na kuwafukuza kuku. Daktari aliniambia wazi kwamba lau angekuja miezi sita kabla, mkono wote ungerudi. Miezi sita hiyo tuliitumia kumchua mafuta.

Nisiache kutaja mambo yanayodhuru. Vidonge vya maumivu havifungui njia. Kuchanja chale kifundoni ni khatari, maana mshipa wenyewe hauko mbali na ngozi. Na kuota moto mkono wenye ganzi ni kuutafutia kidonda: asiyehisi haungui polepole, huungua mpaka asikie harufu. Nimeziona alama za mifuniko ya vyungu katika vidole vya mama zetu, nikidhani ni uzembe wa jikoni.

Baada ya kuyajua haya nilikwenda kwa yule mama wa daftarini, kumwomba radhi. Alinikaribisha barazani, akanimiminia kahawa kwa mikono miwili, mmoja ukiushika mwingine. Nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwani mlitaka nianguke ndipo mnione?" Sikuwa na jibu. Ameacha kuchambua, na binti yake wa pili ndiye akaaye mahali pake. Wanawe wamechangishana, amekwisha kuonwa na daktari, na amepangiwa siku. Ameniruhusu niandike khabari hii ila jina lake nisilitaje.

Basi haya ndiyo ninayoyataka kwa wanachama. Kanuni ya Mfuko ibadilishwe, pale palipoandikwa "walioanguka mikarafuuni" paandikwe "walioumia katika kazi ya karafuu". Mwenye ganzi ya mkono apewe nauli ya kwenda na kurudi na bei ya banzi. Akihitaji kupasuliwa asaidiwe gharama, na apewe posho kwa wiki zile ambazo mkono umefungwa, kama anavyopewa aliyevunjika mguu.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine niliyasema mimi mwenyewe. Itasemwa kwamba huu ni ugonjwa na Mfuko ni wa ajali. Nami nauliza, aliyeanguka mkarafuuni tumepata kumpima presha tujue kama alianguka kwa kizunguzungu? Tumeuliza kama tawi lilikuwa bovu au yeye ndiye aliyekuwa na usingizi? Hatuulizi. Twaona mtu yuko chini, twamsaidia. Anayeanguka huanguka mara moja mbele za watu, wakaja mbio na machela. Mchambuaji huumia miaka 10, usiku, nyumbani kwake, peke yake, na anayemwona ni mumewe aliyelala.

Itasemwa kwamba watu watadanganya. Huenda wako. Ndiyo maana nataka cheti cha daktari na si maneno ya ofisini. Nyama ya kidole gumba haidanganyi, na ganzi ya kidole cha mwisho humfichua asiyejua kusema uwongo wake vizuri.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Nimepiga hesabu kwa daftari lililo mbele yangu. Nauli ya mtu mmoja na mabanzi mawili haifiki nusu ya tuliyotumia kwa chai na vitumbua katika mkutano mkuu uliopita. Sitaki vitumbua viondolewe, nataka tu mjue kipimo. Kupasuliwa ni ghali zaidi, lakini wakienda mapema watakaohitaji kupasuliwa watapungua, na hiyo ndiyo faida ya kulipa nauli kwanza.

Kuna na mambo yasiyotaka fedha hata kidogo. Shazi kubwa ligawanywe kabla ya kuchambuliwa, mkono usishindane na fungu zima. Mikono ibadilishane, wa kulia na wa kushoto. Mchambuaji akiona kuchomachoma aondoke jamvini robo saa, asione haya. Na wanaume wenzangu tuliokwisha kushuka mtini, tukakoga, tukakaa barazani na simu zetu, kiganja chetu nacho ni kiganja. Nyumba ambayo wachambuaji ni watano, kila mmoja ana usiku mfupi zaidi ya nyumba ambayo mchambuaji ni mama peke yake.

Kwa upande wangu nimeanza. Nimeomba tuletewe mtu wa afya siku moja kabla ya msimu, akae hapa ofisini awatazame mikono wote watakao, wachambuaji na wachumaji, na siku itabandikwa mlangoni. Ambaye haamshwi na ganzi asije siku hiyo kwa kutaka vidonge vya bure. Namjua mmoja, naye ajijua.

Ama ile kanuni, nimeiweka ya nne katika mambo ya mkutano mkuu ujao, baada ya hesabu za mwaka na kabla ya uchaguzi. Kuibadilisha kwataka theluthi mbili ya waliohudhuria. Mabibi ambao ni wanachama wana kura kama sisi, na mkutano uliopita hawakufika hata kumi; waliobaki walikuwa nyumbani na kazi. Safari hii nimewaomba wazee wa kamati mkutano uwe asubuhi ya Jumapili, siku isiyo ya kuchuma, nao wamekubali. Mwenye kupinga aje apinge mbele yao.

Daftari lenyewe nitakuja nalo.

Wassalaam,
Katibu wenu